Spika Mbichi na Spika Iliyoiva

Mimi sikusomea hii kazi. Nilikuwa wa kubomoa redio za watu hapa Kitale, zingine zinarudi kwa mwenyewe zikiimba, zingine hazirudi, mpaka Fundi, mwenye anafungia makanisa spika, akanichukua akaniambia kaa hapa uone. Tangu hapo, mtu akimsema vibaya mimi ndio wa kwanza kusimama. Saa zingine nasimama kabla nisikie vizuri amesema nini.

Kitu alijulikana nayo ni kuivisha. Spika mpya hapeani hivyo tu. Anaifunga kwa amplifaya, anaifunika blanketi, anaipigia rumba kutoka asubuhi mpaka jioni, ndio kwaya ikiimba isikwaruze. Ati spika ya boksi iko mbichi. Kutoka Kachibora mpaka Lwakhakha makanisa yalikuwa yanangoja hiyo siku bila kulalamika. Na mimi nilikuwa nasikia, naapa. Asubuhi sauti ni kali kama bati, jioni imelainika kama mtu amekunywa chai.

Sasa kanisa moja huko Kanduyi ikataka spika mbili. Moja tulikuwa tumeivisha. Ingine ilichelewa, ikatukuta hapo hapo kanisani bado na plastiki. Fundi akaambia akina mama wa kwaya wangoje, yeye hawezi weka mbichi na iliyoiva ukuta moja. Lakini harusi ilikuwa kesho. Mama mwenye anaongoza kwaya, mwanamke wa sauti ya chini na mabega ya jembe, akauliza pole pole kama kweli kuna mtu anaweza sikia hiyo tofauti.

Wangemwachia Fundi, angecheka wamalize. Mimi nikaruka. Nikamwambia masikio yake imezoea kengele ya ng'ombe. Mama wa watu, rika ya mama yangu, na alikuwa ametuwekea chai mezani.

Hakukasirika. Alifungua leso kiunoni.

"Basi kuja, mwanangu. Nikufunge macho utuambie gani ni gani."

"Funga. Na ukaze."

Fundi aliniambia niwache hiyo maneno, tufanye kazi twende. Nikakataa. Niliona ni jina yake imeshikwa, na mtu akishika jina ya Fundi mimi siwezi kaa chini.

Wakapiga kipande ya wimbo yao wenyewe yenye walirekodi, wakazima kidogo, wakapiga tena. Nikahutubia. Nikasema ya kwanza ni mbichi, sauti za juu zinakata, ya pili ndio imeiva, besi iko na mwili. Niliongea na mikono, kama mhubiri. Nikasikia mtu anakohoa kikohozi ya kuficha kicheko.

Leso ikatoka. Waya ilikuwa imeingia kwa spika moja tu.

"Ni hii ya plastiki, baba," Mama akasema. "Mara zote mbili."

"Besi iko na mwili," mwingine akamalizia huko nyuma. "Mwili ya nani, bana?"

Wakacheka mpaka wengine wakashika viti. Hiyo yote ningeweza kumeza. Nicheke nao, ninywe chai, iishe. Lakini hasira ilikuwa imenipanda, nikasema neno yenye sitaki kukumbuka.

"Mimi bado najifunza. Mfungeni yeye. Yeye hakosangi."

Kicheko ikakatika. Wote wakamwangalia Fundi na bisbisi yake mkononi. Angekataa, ingekuwa anaogopa. Mimi ndio nilikuwa nimefunga huo mlango. Akatoa kofia, akakaa.

Kwake hawakucheza. Walibadilisha waya kweli. Ya kwanza akakosa. Ya pili akapata. Ya tatu akaomba warudie, wakarudia, akainamisha kichwa kama mtu anatafuta kitu kwa giza.

"Mama, sijui," akasema.

Hakuna mwenye alicheka. Heri wangecheka. Mama alimfungua leso taratibu, kama vile mtu anatoa mtoto kofia akiwa amelala, akasema spika zote zinaimba vizuri, aziweke tu harusi ya watu iendelee. Akaziweka. Mimi nilishika ngazi. Hakuniitisha kitu hata moja, bisbisi alikuwa anashuka kuchukua mwenyewe.

Tukakula, akashukuru vizuri, tukatoka tukielekea steji ya matatu. Mimi kimya siwezi. Nikaanza kumweleza ati wimbo ilikuwa fupi, ati leso ilikuwa imefunika masikio pia, ati wale wamama walikuwa wameshapanga kutuaibisha. Akasimama kando ya barabara, akaningoja nimalize.

"Si ungekosea peke yako tu?"

Akaendelea kutembea. Maneno ilikuwa imejaa mdomoni, vile inajaanga, na yote ilikuwa ya kunitetea mimi. Nikabeba vifaa nikamfuata nyuma, mbali kidogo, ndio akigeuka asione uso yangu.