Mafungu Matatu ya Ipililo

Nyamizi alizikwa Februari, pamba ikiwa imefika magotini, na wiki moja baadaye binti yake Felisita alikuwa shambani na jembe kama vile nyumbani hakuna aliyeondoka. Watu wa Migato walisema binti Luhende ana moyo mgumu. Haikuwa hivyo. Alipoutafuta huo moyo alikuta mahali pake pamenyamaza, kama nyumba ambayo wenyewe wamekwenda mnadani. Alipika, alikula, alilala. Juni ilipofika akakaa kwenye kichanja cha mama yake akachambua pamba: safi huku, fifi yenye madoa kule.

Kuchambua alifundishwa na mama huyohuyo, tangu hajaota meno ya pili. Nyamizi hakuwa mtu wa kukaripia. Ukiweka pamba yenye doa kwenye fungu la safi, aliichukua akaiweka kwenye kiganja chake, akaweka na nyeupe kando yake, akakunyooshea mkono. Hasemi neno. Anangoja. Alikuwa tayari kungoja mpaka kivuli kihame, mpaka useme mwenyewe, "Nimeona, mayu." Ndipo mkono uliporudi. Felisita aliijua pamba kabla hajazijua herufi, na hakukumbuka hata siku moja kuambiwa amekosea.

Mwaka huo wa msiba ulikuwa 1995. Alikuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, na jina lake lilikuwa limetokea kwenye orodha ya chuo cha ualimu, upande wa Shinyanga. Barua ilisema aripoti si zaidi ya Jumatatu, tarehe thelathini na moja Julai. Asipofika, nafasi atapewa mwingine.

"Utaenda?" baba yake alimuuliza.

"Sijui, baba."

"Hujui au hutaki?"

"Sina ninachokitaka."

Mzee Luhende alitazama paa, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Pamba nayo ilikuwa imepata wakubwa wapya. Zamani ilikwenda kwenye chama cha ushirika, ambako mpimaji aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapani, na akikuta fifi katikati ya safi alikurudisha nayo nyumbani mbele ya wakwe zako. Sasa serikali ilikuwa imewafungulia milango wanunuzi binafsi. Mmoja wao alikuwa Twaibu, mwenye duka la vitambaa Bariadi mjini, ambaye alikodi lori akaingia vijijini. Alipofika Migato akaona vidole vya Felisita vinavyokwenda, akasimama muda mrefu.

"Binti Luhende, nataka jicho kama hilo kwenye lori langu," alisema.

Felisita akapanda. Kwake, kukaa na kuondoka vilikuwa sawa. Barua ya chuo aliitia begini. Aliitumia kufungia sindano ya kushonea magunia.

Hakuwahi kufika mbali zaidi ya Bariadi. Mwezi ule lori lilimzungusha mpaka alipoteza hesabu ya vituo, yeye akiwa katikati ya Twaibu na dereva wao Faki, mtu wa Tanga aliyekuwa na mzaha kwa kila kona. Siku zote alikuwa amedhani ule uchambuzi ni kitu cha mama yake, cha kichanja chao. Lakini kila waliposimama walikuta wanawake wenye magunia mawili mawili, la safi limefungwa kitambaa cheupe, la fifi kamba tupu. Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemfundisha. Na kila waliposimama, wapagazi waliyamwaga yote kwenye rundo moja.

"Bei ni moja," Twaibu alimwambia siku ya pili. "Nikianza kubagua, mwenzangu wa ng'ambo ya barabara anazoa yote. Wewe niangalizie mchanga na maji tu, basi."

Felisita akaangalia mchanga na maji. Hakuumia. Hata maumivu aliyatafuta, hakuyapata.

Alhamisi ya mwisho wa Julai springi ya lori ilikatika Ipililo. Faki akaingia uvunguni, na mizani ikaendelea kufanya kazi hapohapo barabarani. Alasiri alikuja mama mmoja wa makamo aliyeitwa Sayi, na magunia yake mawili. Wapagazi wakayamwaga pamoja. Sayi akabaki ameshika kile kitambaa cheupe.

"Mbona mnachanganya?"

"Songa, mama, wenzako wanangoja," mpagazi mmoja akamjibu.

Akamtazama Felisita, mwanamke pekee upande wa mizani. Felisita akatazama chini.

Kesho yake Sayi alirudi na mkokoteni wa ng'ombe. Safari hii magunia yalikuwa matatu.

"Mwadila, ng'wanone," alimsalimia Felisita kama mwanawe.

"Mwadila, mayu."

"Jana mmenimwagia pamba yangu. Nikasema haya, mwaka huu macho ya wakubwa yamekuwa makali, safi yangu hawaioni safi. Hii iliyobaki nimeirudia yote. Hili ni la fifi, hili la safi, na hili la tatu ni safi iliyopita safi."

Faki akacheka mpaka akajigonga kichwa kwenye chasisi ya lori. "Mama wee, ungefanya na la nne la kujazia mito!"

Watu wakaangua kicheko. Sayi hakucheka. Alikuwa anamwangalia Felisita.

"Nionyeshe nilipokosea," alisema. "Tangu msichana sijarudishiwa gunia. Kama macho yameanza kuniacha, niambie, maana wajukuu wangu wananitegemea mimi kujifunza."

Magoti ya Felisita yalijikunja yenyewe, akatandika turubai. Akachota pamba kidogo kutoka gunia la safi, na kidogo kutoka gunia la tatu, akaiweka kando kwa kando kiganjani. Akamnyooshea Sayi mkono.

Akangoja.

"Binti, lori likipona tunaondoka," Twaibu alisema.

Aliendelea kungoja. Sayi aliinama, akabonyeza kwa kidole, akapuliza, akageuza upande wa pili. Wanawake wengine wakaacha mstari wakaja kuchungulia.

"Hii na hii," Sayi alisema mwishowe, polepole, "ni moja."

"Ni moja, mayu. Hata jana ulikuwa umepatia."

"Hata jana?"

"Hata jana. Hujakosea popote. Ni wao walioacha kuangalia."

Sayi alikaa chini kwenye turubai, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi na sisi tuache kuchambua!" mwanamume mmoja akasema nyuma.

"Wewe uliacha zamani," mama mwingine akamjibu. "Pamba yako hata mbuzi anainusa kwanza."

Walicheka tena, na Sayi safari hii akacheka nao. Kisha magunia yake matatu yakapimwa, yakamwagwa kwenye rundo moja na ya wengine, na fungu lake la safi iliyopita safi likapotelea humo kama maji mtoni. Akakunja magunia matupu.

"Wabeja, mwalimu," akashukuru, akawaongoza ng'ombe wake.

Felisita alibaki amepiga magoti. Muda ulipita kabla hajaona kwamba mkono wake bado umenyooka. Alikijua kiganja kile kilivyokaa, dole gumba limelala pembeni, hakikuwa chake. Hakulia. Alikifunga, akasimama, akakung'uta sketi.

Jumamosi jioni lori likawa zima. Njiani Twaibu alimpa Felisita ahadi: kazi ya kudumu, na chumba Bariadi, bati juu, saruji chini.

"Jana umefundisha shule isiyo na mtihani," alimtania. "Msimu ujao hakuna atakayekuuliza habari za fifi."

"Ndiyo, Bwana Twaibu. Naomba mnishushe Maswa."

"Maswa kuna nini?"

"Kuna basi la Shinyanga."

Faki ndiye aliyesema, "Sasa jicho linaondoka, tutabaki na pua zetu," na walipofika Maswa akasimamisha lori.

Jumatatu saa sita mchana Felisita alikuwa mbele ya meza ya mwalimu wa taaluma, mzee Kristofa, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Mzee aliinua barua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imetobolewa na nini?"

"Sindano ya magunia, mwalimu."

"Aha." Akavuta fomu. "Kuna mahali hapa pa kujaza. Kwa nini umechagua ualimu?"

Felisita alifikiri. Wenzake kwenye foleni walikuwa wamejibu kwa sauti kuhusu taifa na maendeleo, na aliwasikia.

"Kuna mama Ipililo," alisema, "alidhani amekosea."

Mzee Kristofa alingoja, kalamu juu ya karatasi, akidhani maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Alimtazama binti yule mwenye uso usio na habari yoyote, aliyetulia akingojwa kama mtu aliyezoea, akaandika yale yale kama alivyoyasikia, na kumwonyesha kwa kalamu lilipo bweni la wasichana.