Yai Lililomponyoka Otylia

Jumamosi za Kwaresima, jikoni mwa parokia yao ya wahamiaji kutoka Polandi, huko Paraná, bibi anayewafundisha kuchora mayai ya Pasaka hufika kabla ya wote, na wenzake wakiingia humkuta keshachemsha maganda ya vitunguu ya kutolea rangi. Otylia, muuza mikate, hukaa ubavuni pake ili aiangalie mikono ile. Vidole vimepinda kama tangawizi, lakini akichovya kijiti chake chenye pini kwenye nta ya moto, mstari hutoka mwembamba na haukatiki, kama walivyochora wanawake wa kijiji chake Polandi kabla ya vita. Kila yai huligusisha shavuni kwanza, ndipo achore. Na hana simile. "Hili ni jua au buibui?" humuuliza mtu. "Kwangua. Mama yangu angekuchapa."

Leo yai limemponyoka Otylia, likapasuka sakafuni. Wenzake wakainamisha vichwa wakingoja radi. Otylia akachukua kitambaa. "Kiweke chini hicho," bibi akasema. Akapiga magoti polepole, akakomba ute na kiini kwa kijiko, akavitia kikombeni, akanywa vyote, kisha akakilamba kijiko. Hakuna aliyethubutu kumtazama.

"Mstari wako ulikuwa umepinda hata hivyo," akasema, akijifuta mdomo. Akachukua yai jingine, akaligusisha shavuni, akampa. "Kule kambini, tulikofungwa na njaa wakati wa vita, tuliyachora mayai ukutani kwa kucha, Pasaka tatu. Yale hayakuvunjika, mwanangu. Wala hayakuliwa."