Mbuzi wa Idi Alipozaa

Nyumbani kwetu Kyela mjini, Idi ilianza kuandaliwa mpunga ulipovunwa, hata kama sikukuu yenyewe bado ilikuwa mbali. Mama alikoboa gunia la kwanza, akauchambua mchele na kuumimina kwenye pipa la plastiki pamoja na pilipili kavu ili wadudu wasiingie. Juu ya pipa alibandika karatasi iliyoandikwa "Usiguswe". Baba, mtu wa Pangani aliyekuja huku akiwa kijana kufungua duka, alikuwa akitutania kwamba hata rais akipita kutusalimia atapikiwa ugali.

Baada ya mchele vilifuata viungo. Shangazi alivituma kutoka Tanga kwa basi: iliki, mdalasini, karafuu, bizari nzima. Mama hakukubali visagwe mpaka ibaki siku moja. Mkaa uliingia ndani kabla ya masika, kwa sababu mvua za Kyela zikianza kweli huwezi kupata mkaa mkavu popote. Nazi zilikuja mwisho. Vyote hivyo vilipaswa kututosha sisi na nyumba kumi na moja za majirani. Wengi wao ni Wakristo, na Krismasi sahani zao hutufikia mpaka tunakosa pa kuziweka.

Mwaka ninaousimulia, Mama alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa jicho Mbeya, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Baba alimsindikiza. Kabla ya kupanda gari Mama aliniambia, "Idi ya mwaka huu ni yako." Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima kabisa, lakini maneno hayo yalinifanya nitembee kifua mbele kutoka stendi mpaka nyumbani.

Isitoshe, nilikuwa nimeshajipanga. Tangu mwezi wa Rajabu nilikwenda mnadani mwenyewe nikanunua mbuzi. Nilichagua jike, kwa sababu nyama ya beberu hunuka, na nilichagua mnene kuliko wote. Uwanja wetu ni mdogo, hivyo nilimpeleka Mwaya kwa bibi yangu mzaa mama ili anenepe zaidi. Bibi ni Mnyakyusa na Mkristo, mwanakwaya mpaka leo. Mama alisilimu alipoolewa, na Bibi hakuwahi kulalamika, ila kila Idi huuliza kwa nini hatuweki ndizi kwenye pilau.

Kisha mvua ikanyesha wiki nzima. Maji yaliingia uwanjani, nikapandisha magunia na pipa juu ya matofali. Siku mbili kabla ya Idi nikasikia njia ya kwenda Mwaya imefunikwa na maji. Nilimpigia Bibi kupanga jinsi ya kumleta mbuzi.

"Bibi, mbuzi anaendeleaje?"

"Vizuri. Wote watatu wanaendelea vizuri."

"Watatu gani?"

"Mama na watoto wake wawili. Wamezaliwa leo alfajiri. Mmoja ana doa jeupe kwenye paji la uso."

"Bibi, yule ni wa kuchinjwa kesho kutwa."

"Nani amchinje mzazi? Siyo kwenye uwanja wangu."

"Kwani ulijua ana mimba?"

"Niliiona siku ile ile ulipomleta," alisema. "Nikadhani na wewe umeiona. Wewe si mwalimu?"

Nilikata simu nikakaa juu ya gunia la mkaa. Nilikuwa na mchele, viungo, vitunguu, viazi vya Tukuyu, na sikuwa na nyama hata kipande. Nilitoka na mwavuli. Wenye bucha wawili waliniambia nyama yote ina wenyewe tangu wiki iliyopita, na mmoja alinishangaa: "Watu wa nyumbani kwenu ndio huja wa kwanza!" Sokoni walikuwepo kuku wanne waliolowa, wenye huzuni kuliko mimi. Sikuwanunua. Mama alipopiga simu kuuliza hali, nilimwambia kila kitu kipo kwenye matofali, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kesho yake, karibu saa sita mchana, bodaboda ilisimama mlangoni. Bibi alishuka, gauni limelowa mpaka magotini, kapu kubwa amelikumbatia kama mtoto. Jirani yake alikuwa amemvusha kwa mtumbwi juu ya mashamba ya mpunga mpaka barabara ilipoinuka, na kutoka hapo akakodi pikipiki. Nikampokea kapu nikafunua majani ya mgomba. Ndani walilala mbasa saba, samaki wakubwa wanaopanda mito kutoka ziwani majira ya mvua, bado wanang'aa.

"Bibi, umevuka maji yote hayo?"

"Umeniletea mbuzi mmoja, nimepata watatu," alisema akikamua pindo la gauni. "Sikuona vizuri kukaa kimya. Haya, kisu kiko wapi?"

Nilimshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," naye akacheka lafudhi yangu ya dukani.

Tulifuta mipango yangu tukaanza upya. Pilau ya nyama iligeuka wali wa nazi, na samaki tuliamua kuwapaka: unawachoma mkaani huku ukiwamiminia tui zito lenye ndimu na pilipili. Tulikata vipande, tukavitia chumvi na bizari, tukavichoma kidogo ili vifike asubuhi salama. Nilikuwa nimefunga, hivyo sikuweza kuonja tui. Bibi alinyoosha kiganja.

"Tia hapa. Ulimi wangu haukufunga." Alilamba, akafumba macho. "Chumvi bado." Mara ya tatu chumvi ilikuwa imekolea, lakini aliendelea kuomba aonje mpaka nikaficha mwiko.

Alasiri tukasikia sauti ya Baba nje. Alikuwa amemshika Mama mkono, jicho moja limefunikwa bandeji. Mama alisimama kizingitini, akavuta hewa.

"Hiyo siyo harufu ya mbuzi."

"Siyo, Mama."

"Mbuzi yuko wapi?"

Bibi alijibu kabla yangu, bila kuacha kukuna nazi. "Ananyonyesha."

Mama alimtazama mama yake kwa jicho lake zima, akanitazama mimi. Kisha alicheka, akashika ukuta, akacheka zaidi, mpaka Baba akaanza kumsihi aache kwa sababu daktari alimkataza kujikaza. Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja tu: kama yule muuzaji wa mnadani alikuwa akitabasamu nilipoondoka na mbuzi. Nilipokumbuka vizuri, ndiyo, alikuwa akitabasamu.

Mwezi uliandama jioni ile. Asubuhi ya Idi nilitoa mkaa wetu mkavu, Bibi akaukoleza, Mama akakaa kwenye kiti katikati ya jiko akituamuru. Sahani kumi na moja zilitoka, nasi tukavua viatu kuvuka maji kuzifikisha. Kabla ya adhuhuri jirani wa nyumba ya pili alirudi na bakuli tupu.

"Sikuja kurudisha chombo," alisema. "Nimekuja kuomba lile tui."

Mbuzi hakuchinjwa kamwe. Bibi anaye bado, na mbuzi huyo amezaa tena na tena.

Maji yalichelewa kupungua, ikabidi Bibi akae kwetu siku tisa. Nguo alizokuja nazo zilikuwa zile zile zilizolowa, kwa hiyo Jumapili Mama alimpa dera lake jipya la Idi, ambalo mwenyewe alikuwa amelivaa mara moja tu. Bibi alikwenda nalo kanisani hapa mjini, akakaa mbele. Aliporudi alituambia wanawake watatu wamemuuliza dera lile linauzwa wapi, naye amewaelekeza dukani kwa Baba.

"Lakini mimi siuzi madera," Baba alisema.

"Basi agiza," Bibi alimjibu, akaingia ndani kupumzika bila kulivua.