Moto Uliolala Chini ya Taka

Asubuhi yangu ya kwanza Garissa nilidhani nimeamkia kwetu. Nilifungua dirisha nikaona weupe umetanda juu ya miti ya mathenge, umelala chini, hauendi popote. Nikasimama pale nimeshika pazia, nikisubiri baridi. Kwetu milimani, ukungu wa namna hiyo huja na baridi ya kuuma masikio. Hapa baridi haikuja. Kilichokuja ni harufu ya plastiki iliyoungua, na nyuma yake kitu kikali kama dawa. Ndipo nikaelewa kwamba ule ni moshi, na unatoka mahali pale pale nilipotumwa kufanya kazi.

Nilikuwa nimehamishiwa huko kama mkaguzi wa mazingira. Nilitakiwa kuhakikisha kwamba jaa la taka la mji linaendeshwa kwa mujibu wa sheria na leseni yake: taka zisichomwe, zifunikwe kwa udongo, za hospitali zisichanganywe na za sokoni, na gesi inayojitengeneza chini ya marundo ipate njia salama ya kutokea. Nilikuta mambo yamekwenda kombo. Jaa halikuwa na ua. Mikokoteni ya punda ilimwaga mzigo popote punda alipochoka. Mbuzi walipanda juu ya marundo wakitafuna mifuko, na makorongo, wale ndege wenye vipara, walisimama katikati ya moshi, kimya, kama watu wanaosubiri kuitwa majina yao.

Moto wenyewe haukuonekana. Hilo ndilo lililonishangaza. Mtu fulani, zamani kidogo, alichoma taka za juu, zikawaka zikazimika, lakini joto likashuka chini na kuanza kula taka za miaka mingi, polepole, bila mwali. Moshi ulitokea kwenye nyufa. Mchana upepo uliubeba ukatawanyika, usingejua upo. Alfajiri, kabla upepo haujaamka, ulishuka ukaingia majumbani.

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya rundo, nikisukuma ardhini fimbo ya chuma ya kupimia joto, niliposikia sauti ya mwanamke nyuma yangu.

"Abaayo," aliniita, kwa neno la Kisomali la dada. "Wewe ndiye umeletwa kuzima hii moshi?"

Nilisimama nikajifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameshika mtungi mtupu wa maziwa. Baadaye nilijua kwamba aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya jaa.

"Nimeletwa kuangalia kama sheria inafuatwa," nikamjibu.

"Sheria mimi siijui. Mama yangu hapumui. Sasa niambie, utazima ama hutazima?"

Nilichomoa fimbo yangu, nikamfuata nyumbani kwake.

Mama yake alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kitambaa chenye maji kimefunika pua na mdomo. Macho yake yalikuwa maangavu mno. Hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kisomali, na binti alikaa kati yetu akipeleka maneno huku na huku. Mama aliuliza ninatoka wapi. Nikasema ninatoka mahali penye ukungu. Akauliza ukungu ni nini. Binti alifikiri, akatafuta neno, hakulipata, mwishowe akalieleza kwa lugha yake, kisha akanigeukia.

"Nimemwambia ni moshi isiyo na moto."

Mama akaondoa kitambaa, akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, tukamshika mabega hadi kilipotulia. Kisha akauliza swali lingine.

"Anataka kujua, na watu hawakohoi?"

"Hawakohoi," nikasema.

Mama akasema jambo fupi, akarudisha kitambaa usoni. Binti alikawia kulitafsiri. Tulipofika nje ndipo akaniambia: "Amesema, ungemletea huo wa kwenu."

Nilirudi ofisini nikiwa na maneno hayo kichwani, na nadhani sikuyatua tena mwaka ule wote.

Kwanza tulijaribu maji. Halikuwa shauri langu, lakini sikulipinga kwa nguvu, maana kila mtu anajua moto huzimwa kwa maji. Lori la maji lilikuja likamwaga, na jaa likapumua. Mvuke mweupe ulipanda na kuvimba hadi ukalificha lori lenyewe, na kutoka ndani yake tulisikia dereva akikohoa na kuita. Pembeni walisimama wanawake na madumu yao ya manjano, wanatazama maji yakimezwa na taka. Kesho yake moshi ulikuwa mzito zaidi. Nikaomba lori lisirudi.

Kilichotakiwa ni udongo. Moto wa chini unaishi kwa hewa inayopenya kwenye nyufa. Ukiziba nyufa, unafifia. Tukaazima tingatinga kwa watu waliokuwa wakitengeneza barabara, na tingatinga likaja na dereva wake, mwanamume mtulivu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Kabla ya kuwasha injini alivua kiatu kimoja, akaweka unyayo juu ya taka, akausikiliza.

"Madam," akasema, "hii chini iko laini. Tutaenda bole bole."

Tukaenda polepole. Siku zile zimebaki kwangu kama siku moja ndefu. Injini inanguruma mbali na karibu kwa wakati mmoja, vumbi jekundu linapanda na kukutana na moshi, na jua linatazama kupitia vyote viwili likiwa limefifia, unaweza kuliangalia bila kufumba macho. Wanawake waliookota plastiki na vyuma jaani, wengine wenyeji wa mji na wengine waliotoka kambi za Dadaab, walitembea katikati ya ile rangi wakiwa wamejifunika nguo pana. Ilikuwa vigumu kujua nani anakuja na nani anaondoka. Kila asubuhi walinionyesha kwa kidole mahali moshi ulipotokea alfajiri, na dereva akapeleka udongo huko.

Halafu, alasiri moja, ardhi ikafunguka.

Haikutoa mlio mkubwa. Nilikuwa nimesimama kando nikisoma kipimo, nikaona upande mmoja wa tingatinga ukishuka, taratibu, kama mnyama anayepiga magoti anywe maji. Moto ulikuwa umekula chini na kuacha uwazi, na gamba la juu likashindwa na uzito. Cheche zikaruka. Dereva akatoka mlangoni, akakanyaga taka, mguu ukazama hadi kwenye goti.

Nilipiga kelele. Nilikimbia hatua chache, kisha soli za viatu vyangu zikaanza kunata, na chini yangu nikahisi ardhi inacheza. Waokotaji ndio waliomfikia. Walikuwa na turubai lao kubwa la kufungia mizigo ya plastiki, na kamba. Walilitandaza juu ya taka, mmoja akalala kifudifudi juu yake, wenzake wakimshika miguu, akamtupia kamba. Dereva akaishika. Wakamvuta wote kwa pamoja wakiita "Bismillahi! Bismillahi!" mpaka akateleza juu ya turubai na kuletwa kwenye ardhi ngumu.

Viatu vyake vilikuwa vimeyeyuka. Tulimmwagia miguu maji, tukamketisha kwenye kivuli cha gari la ofisi tukisubiri kumpeleka hospitali. Alikuwa mtulivu kuliko sisi sote.

"Madam, nimeona ndani," akaniambia. "Iko nyekundu. Kama jioni. Na hakuna sauti hata kidogo."

Nilikaa chini karibu naye. Niliendelea kumwagia miguu maji.

Baada ya hapo walikuwapo waliosema kazi iachwe, moto ujizimie wenyewe. Nilijua hautajizima. Nilikuwa na mamlaka moja ambayo sikuwa nimeitumia, kwa sababu ilinifanya niwe mgeni anayewafungia wenyeji mlango: amri ya kusimamisha umwagaji wa taka upande unaowaka, hadi utakapozimika. Niliitoa. Wenye maduka wakakasirika, na baraza likaitishwa uwanjani.

"Sasa taka tutakula?" mfanyabiashara mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, na watu wakacheka.

Nikaeleza kwamba tutachimba handaki upande usioungua, taka zimwagwe humo tu, na kila jioni zifunikwe kwa udongo. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili changu sanifu cha shule, na nikaona macho yanapotea. Ndipo yule muuza maziwa akasimama nyuma, upande wa wanawake.

"Huyu dada anaongea sana," akasema. "Mimi nitaongea kidogo. Huyo dereva ni mtu ya kwetu, na ardhi ilitaka kumla. Watoto wenu wanapita hapo wakienda madrasa. Mnangoja aliwe nani?"

Hakuna aliyecheka. Alirudia kwa Kisomali, kwa maneno mengi zaidi kuliko alivyoahidi, na alipoketi shauri lilikuwa limeisha.

Tingatinga lilivutwa nje kwa minyororo, na dereva akarudi na makubadhi makubwa na miguu iliyofungwa bandeji, ingawa niliwaambia wamtafute mwingine. Safari hii hatukupita juu. Tulikata mfereji mpana kuuzunguka moto wote, mpaka kwenye udongo asilia, ili usipate pa kuendea. Kisha tukaula kutoka pembeni. Mabonge yaliyowaka yalivutwa nje, yakatandazwa, yakachanganywa na udongo, yakaachwa yapoe. Yalitoka mekundu, yakawa ya zambarau, yakawa ya kijivu. Kuna jioni nilisahau kwamba niko kazini. Nilisimama tu nikizitazama zile rangi zikibadilika, hadi adhana ya magharibi iliponizindua.

Palipopoa tulipafunika kwa udongo mnene, tukasimika mabomba yenye matundu, yamezungushiwa kokoto. Taka zikishafunikwa huoza bila hewa na kuzaa gesi, na gesi hiyo isipopata njia hujikusanya hadi cheche moja ilipue kila kitu. Nilizunguka bomba hadi bomba na kifaa changu cha kupimia. Gesi yenyewe haina rangi wala harufu. Ukiinama juu ya bomba saa ya jua kali unaona tu hewa inatikisika kidogo, na miti ya mbali inaonekana kana kwamba iko chini ya maji.

Waokotaji hawakukubali kuondolewa, na mimi baada ya ile alasiri nisingeweza kuwaondoa. Tuliwajengea banda langoni, wachambue taka kabla hazijaingia. Walikuwa wakali kuliko askari yeyote. Lori lililobeba sindano na bandeji zilizotumika lilirudishwa na wao, mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili kwa kuketi barabarani mbele yake. Baada ya hapo taka za hospitali zikaanza kupelekwa kwenye tanuri la hospitali yenyewe.

Siwezi kusema moshi ulikoma siku gani. Ulipungua hadi ukawa uzi, uzi ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Nakumbuka tu kwamba asubuhi moja niliamka, nikatazama nje, na miti ya mathenge ilikuwa na majani. Nilikuwa sijawahi kuyaona majani yake saa zile. Nilivaa haraka nikaenda kwa muuza maziwa.

Mama yake alikuwa uani, kwenye mkeka, bila kitambaa usoni. Kifua chake hakikupona. Daktari alikuwa ameshasema hakitapona. Lakini alilala usiku, binti alisema, alilala mpaka wakamwamsha kwa sala. Mama alipigapiga mkeka ili nikae. Nikakaa. Akanyoosha mkono kuelekea jaa, akauliza jambo.

"Anasema, ile moshi umeipeleka wapi?"

"Mwambie umekufa."

Alisikiliza jibu langu, akatikisa kichwa bila kusadiki, akanimiminia chai yenye maziwa ya ngamia na iliki. Tulikunywa. Hewa ilikuwa na harufu ya chai tu.

Mwaka uliofuata nilitumwa kaskazini, karibu na Habaswein, ambako walitaka kutenga mahali pa jaa kabla taka hazijachagua mahali pake zenyewe. Nilikuwa na ramani, na nilikuwa nimeweka alama juu yake. Kundi la wafugaji wa pale likanipokea, na mwanamke mmoja mrefu, aliyekuwa akichunga ngamia wake, akaitazama alama yangu kwa heshima kisha akauliza kama nimekwisha kufika pale kwa miguu. Nikakiri bado.

"Basi twende," akasema.

Tukatembea. Mahali nilipopachagua palikuwa pazuri kwenye karatasi, ila wakati wa kiangazi upepo huvuka pale kuelekea visimani, wakanieleza, na mvua ikinyesha maji hupita hapo kwenda kwenye laga, ule mto wa msimu. Tukaendelea mbele, tukibishana, tukisimama, tukiokota mchanga na kuuachia uanguke ili tuone unaelekea wapi. Jua likapanda. Mwishowe tulifika kwenye uwanda wa ardhi ngumu, mbali na njia ya maji, ambako upepo ulikwenda upande usio na nyumba wala kisima.

"Hapa," akasema yule mwanamke.

Nilikubali. Lakini hakuna aliyeondoka. Tulisimama pale kwa muda, watu wachache na ngamia, tukitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu bado. Ardhi safi, nyekundu, yenye nyayo za dikidiki, na juu yake hewa tupu hadi upeo wa macho.