Neno la Kwenye Jezi za Athieno

Sisi tuliokulia Molo ya Tororo, mtama ukianza kukomaa, tulijua michezo imekwisha. Jua halijatoka, tuko shambani tunafukuza ndege. Mmoja juu ya ulingo wa miti na debe lake, wengine kwenye pembe za shamba, kila mtu na kombeo na vidonge vya udongo. Miguu ina umande mpaka magotini, tumboni kuna uji wa jana. Na kosa letu lilikuwa lile lile. Kundi likitua upande wa mto, sote tunakimbilia huko kwa furaha. Nyuma yetu kundi lingine linashuka na kula kama limealikwa. Hapo mama anatupigia kelele kutoka mwanzo wa shamba, nasi tunarudi kila mmoja pembe yake, tumenuna.

Watoto wa siku hizi mtama wanaujua ukiwa uji, tena uwe na sukari.

Basi mwaka huu mjukuu wangu Athieno, anayecheza netiboli shuleni Tororo, akaniambia wanachapisha jezi mpya. Mgongoni litakuwapo neno la kocha wao: "Usikimbilie mpira, kaa mahali pako." Chini yake jina la kocha mmoja wa Ulaya.

Huyo Mzungu simjui, lakini neno nalijua. Aliyetufundisha ni Nyadoi, msichana wa jirani aliyetutangulia shule, tukicheza na mpira wa majani makavu ya mgomba. Baadaye akawa mwalimu. Yuko hai, mzee kama mimi, anakaa Masinya, na hakuna anayemtaja. Hilo liliniuma. Nikaenda kwa kocha, Mwalimu Barasa.

"Huyo Mzungu ulimsikia wewe?"

"Hapana, mama. Niliona kwenye simu."

"Na kabla ya simu?"

Akafikiri. "Nikiwa mdogo, Masinya, mwalimu wetu wa michezo alikuwa anasema hivyo. Mwalimu Nyadoi."

"Basi?"

"Basi mama, jezi zinachapishwa Ijumaa. Nenda umuulize, kama ni lake naandika jina lake."

Nikaenda Masinya. Nyadoi alinicheka mpaka akakohoa.

"Wewe mtoto wa Awor, umezeeka bure. Mimi ndiye nimesema? Nilikuwa nakuja kwenu kulinda ndege, nipate mtama wa kupeleka nyumbani. Siku ya kwanza nikakimbia na nyinyi, mama yako akanirudisha kwa sikio. 'Usikimbilie ndege, kaa mahali pako.' Nilipopewa wasichana wa netiboli, nikaona wote wanakimbilia mpira kama sisi zamani. Nikatoa ndege, nikaweka mpira. Usiniandike mimi. Andika Awor."

Mama yangu, hata jina lake watu hawakuliita. Alikuwa Mama Owere, kwa jina la kaka yangu. Kaburi lake halina hata ubao. Na neno lile nililisikia kila asubuhi ya utoto wangu, nikaliona kelele za mama tu.

Barasa aliandika: Awor, Molo. Siku ya mechi msichana mmoja akaniuliza, "Nyanya, huyu Awor alichezea timu gani?"

"Hakucheza. Alilima."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akaenda uwanjani.

Sasa kwetu hakuna ulingo. Tumefunga mikanda ya kaseti ilie kwa upepo, na ndege wameshaizoea, wanakula wakisikiliza. Watoto wako shule, na ni vizuri, sikatai. Lakini zamani, asubuhi za mtama, ukipita njiani ulisikia mama wa kila shamba akiwarudisha watoto wake mahali pao. Siku ile niliona jina la mama yangu likikimbia migongoni mwa wasichana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia sauti yake. Ningependa wangeisikia. Ilikuwa kali.