Nilivyodaka mpira uliokuwa unatoka nje, Mpakistani wangu akakaribia kurudi Lahore

Wakuu, shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu mambo vipi.

Mnanijua humu kwa nyuzi za mapishi, leo naleta tenisi. Kisa kimenikuta mwenyewe hapa Brussels mwanzoni mwa miaka ya 2010, enzi za kukwangua vocha ili upige simu Bongo. Chumvi sijaongeza, na anayebisha aje inbox tubishane kwa amani.

Nilikuwa nimepanga chumba Saint-Josse, juu ya bucha ya Waturuki. Jiko tunashea. Chumba cha jirani alikaa dada wa Kipakistani, tumuite Mahnoor.

Nikamuuliza kazi yake, akasema professional tennis player. Moyoni nikasema Mungu mkubwa, nimepata jirani tajiri.

Thubutu.

Kumbe kwenye tenisi matajiri ni wale mnaowaona kwenye TV. Wengine wanahangaika kama sisi. Mahnoor alikuwa amechezea timu ya taifa ya Pakistan tangu akiwa binti mdogo, lakini huku Ulaya alikuwa anapanda treni kwenda vijimashindano vya Ujerumani na Uholanzi, anatolewa raundi ya kwanza, anarudi na begi la raketi kukuta zamu yake ya kuosha vyombo inamsubiri. Na nilikuwa simsamehei zamu.

Tulizoeana kwa ugomvi wa pilau. Yeye anasema ya kwao ndiyo ya asili, mimi mtoto wa Tabora nitakubali vipi? Akaanza kuniita baji, yaani dada mkubwa kwa Kiurdu. Mtu akishakuita dada mkubwa, ujue umeshaingia kwenye matatizo yake.

Na tatizo alikuwa nalo. Goti lilimweka nje mwaka mzima, timu ya taifa ikamwacha. Safari hii wakamwambia akifika majira ya kuchipua akiwa fit watamrudisha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alijua hiyo ndiyo mara ya mwisho. Baridi ya Ubelgiji sasa huwezi kucheza nje, na kiwanja cha ndani ni ghali. Akikosa kiwanja anarudi Lahore kukaa kwenye ofisi ya mjomba wake, inayouza mabomba ya maji.

Aliniambia hivyo huku anakata vitunguu. Nikajifanya naamini ni vitunguu.

Palikuwa na klabu ndogo ya tenisi mtaa wa Jette aliyokuwa anaichezea ligi ya vilabu, ile ya Jumapili. Mwenyekiti wake, mzee mmoja tumuite Gaston, akamwahidi: timu ya wanawake ikipanda daraja, kiwanja cha ndani bure baridi nzima.

Timu ni watu wanne. Wiki ya mechi ya mwisho, wa nne akavunjika kifundo cha mguu. Timu isipotimia, imekwisha.

Mahnoor akagonga mlango wangu.

"Baji, si ulisema ulikuwa mchezaji?"

Ni kweli nilikuwa. Wa NETIBOLI. Golikipa wa timu ya mkoa, mikono kama ya pweza. Tenisi nilikuwa naiona kwenye TV za watu tu.

"Usijali," akasema. "Wewe simama. Mengine niachie."

Wakuu, kuna ombi huwezi kulikataa ukishamwona mtu analia juu ya vitunguu.

Jumapili ikafika. Kwa desturi ya ligi ile, wenyeji mnapika na mnakula pamoja na wageni mechi zikiisha, kwa hiyo nilikwenda na raketi ya kuazima na sufuria la pilau. Nilikwenda pia na Maman Béa, Mkongo wa Lubumbashi, tunafanya kazi pamoja hospitali. Alikuja kunishangilia. Walimnyamazisha mara kadhaa kabla hata hatujaanza.

Mechi yangu ya peke yangu nilichapwa sifuri. Nikarudi kwenye benchi kabla Maman Béa hajamaliza soda yake. Lakini wenzangu wakapigana, ikabaki mechi moja ya kuamua kila kitu: doubles, mimi na Mahnoor.

Yule dada alicheza kiwanja kizima. Mimi nimesimama pale kwenye neti kama mlingoti. Wapinzani wakagundua kwamba mlingoti haujui kitu, wakaanza kunilenga mimi. Basi nikanyoosha raketi juu kama nazuia goli, mipira mingine ikagonga na kurudi yenyewe. Nikaanza kujiona.

Match point yetu. Pointi moja tu hiyo tushinde, Mahnoor abaki.

Mpinzani akapiga mpira mrefu, wa juu, unakwenda nje kabisa. Hata kipofu angejua unatoka. Ukapita juu ya kichwa changu.

Nikaruka. Nikaudaka kwa mkono mmoja.

Halafu, kwa kuwa netiboli ukishadaka huruhusiwi kutembea, nikatulia kwa mguu mmoja, mpira juu, nasubiri wa kumpasia.

Watu wakashangilia. Wapinzani wakaanza kuja kutupa mkono. Walijua yameisha.

Mahnoor hakusogea. Akawaambia kwa Kiingereza, taratibu, "Ameushika kabla haujadunda. Point ni yenu."

Ndiyo sheria. Hata kama unakwenda nje, hata kama unakwenda Antwerp, ukiugusa kabla haujatua umeliwa.

Maman Béa akasimama. "Bon, miye niliona ile balle ilikuwa inaenda inje! Alors sababu gani anabapatia point?"

Wakamnyamazisha tena. Point ikawa yao, game ikawa yao, na mwishowe mechi. Nikaenda kuwapakulia pilau waliotufunga. Mmoja akaniomba recipe.

Nilimkasirikia sana Mahnoor. Jikoni kwetu nikamwambia, "Hakuna aliyesema kitu. Wewe ulikuwa na haraka gani?"

"Baji, nimecheza miaka ishirini na sijawahi kuchukua point isiyo yangu. Nianze leo, kwa ajili ya kiwanja?"

Nikaanza kuosha vyombo, na zamu haikuwa yangu.

Kesho yake nikamfuata Gaston. Nikamwambia kosa ni langu, kwa nini aadhibiwe Mahnoor? Akasema ahadi ilikuwa kupanda daraja, na kamati haitakubali. Nikaangalia jiko lao. Mpishi wao alikuwa ameacha kazi, na Gaston jana yake alikuwa amerudia sahani mara tatu, nilimwona.

Tukaelewana. Mimi kila Jumamosi ya baridi ile nipike pale klabuni, Mahnoor apate kiwanja asubuhi.

Alipojua alinuna. "Sitaki huruma, baji."

"Huruma gani? Mkono wangu ndio ulidaka, acha mkono wangu ulipe."

Wiki nzima nasukuma toroli la chakula hospitali, Jumamosi nasimama kwenye sufuria. Niliichukia tenisi kutoka moyoni. Lakini nikichungulia dirishani namwona anapiga mpira, goti limefungwa bandeji, nageuka nakoroga.

Majira ya kuchipua akaitwa timu ya taifa.

Nilikuwa wodini na toroli langu aliponipigia. Analia. Nikajua wamefungwa. Nikamuuliza matokeo.

"Singles nimefungwa. Doubles tumeshinda. Baji, nimevaa jezi."

Nikaanza kulia na mimi, palepale, supu inapoa. Bibi mmoja mgonjwa akanishika mkono kwa huruma, akauliza nani amefariki.

Nikamwambia hakuna aliyekufa, mama. Kuna mtu amecheza tenisi.

Wakuu, nilichojifunza: mtu mwaminifu ukiishi naye atakugharimu, na utalipa huku unalalamika. Sasa nipeni maoni yenu. Ungekuwa wewe pale kwenye neti, na wapinzani wameshanyoosha mkono, ungesema? Msinidanganye, wengi wenu nawajua.