Dawa ya Nne Mezani kwa Ravindra

Bharti alizaliwa Kisutu, akaolewa Kariakoo, akaishi miaka mingi nyuma ya kaunta ya duka la zipu na vifungo. Kwa desturi ya kwao hakumtaja mumewe, Ravindra, kwa jina. Alimwita Baba Krupa, kwa jina la binti yao. Biashara huria ilipoujaza mtaa washindani, mafundi cherehani hawakuwahama.

Mwaka 2002 Ravindra alianza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi: stavudini na nyingine mbili. Tushar, kaka yake Bharti, akatuma zidovudini, dawa nyingine ya virusi hivyo, kutoka Mumbai. Ravindra aliisukuma pembeni.

"Uhai wangu sitaki uwe zawadi ya shemeji."

Bharti aliamini kwamba dawa nne hushinda tatu. Kila jioni alisaga kidonge kimoja, akakichanganya katika mchuzi wa karela, mboga chungu inayoficha uchungu mwingine wowote.

"Karela tena?" mumewe alilalama. "Umeolewa na mtu au na mbuzi?"

"Kula, Baba Krupa. Mbuzi halalamiki."

Lakini midomo ya Ravindra ilipauka, na kupanda ngazi kukamshinda. Daktari Elisaria alisoma majibu ya vipimo, akavua miwani.

"Damu inapungua vibaya, na seli za kinga hazipandi. Mzee, unatumia dawa nyingine?"

"Naapa, daktari, hapana."

"Basi nitalazimika kuzisimamisha hizi. Na za kubadilishia sina."

Akachukua kalamu. Bharti alitazama sakafu. Akisema, mumewe atajua kwamba amelishwa kwa hila mezani pake. Akinyamaza, huenda akamzika.

"Daktari, subiri. Mimi nampa zidovudini. Kwenye chakula."

Ravindra aligeuka polepole. Daktari hakukaripia.

"Mama Krupa, dawa hizi huingia katika seli ya kinga zikiwa zimelala. Seli ndiyo huziamsha. Zidovudini na stavudini hugombea kimeng'enya kilekile cha kuziamsha; zidovudini hushinda, stavudini hubaki imelala. Kidonge kimoja kwa siku hakitoshi kuvidhibiti virusi, lakini kinatosha kumzuia mwenzake na kuidhoofisha damu."

Nje, Ravindra aliketi kwenye ngazi akihema.

"Ungeniambia lini?"

"Ukishapona."

"Na kama ningekufa?"



Zidovudini iliachwa, zile tatu zikaendelea, na baada ya miezi miwili damu ilianza kuongezeka. Msamaha ulichelewa zaidi. Kwa muda mrefu Ravindra aliingia jikoni mwenyewe, akajipakulia kutoka sufuriani, mkewe akimtazama.